Sheria za kijiji ziko kwenye mafaili matatu, naziunganishaje?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Mimi ni mtendaji wa kijiji huku Njombe, nina miezi mitano tu tangu niripoti, na kwenye kabati la ofisi nimekuta sheria ndogo zimetawanyika kweli, kuna faili la mazingira, kuna daftari la maji, kuna karatasi za mifugo zimelowa na mvua, zingine wazee wanazijua kichwani tu. Juzi mbuzi wa mtu wameingia kwenye mahindi ya jirani, mmoja ananiambia faini elfu tano kila mbuzi, mwenzie kaja na karatasi yake inasema elfu kumi, wote wanadai ndo sheria, nikabaki nawaangalia. Mwenyekiti anasema tuzichape zote kitabu kimoja tugonge muhuri yaishe. Inaruhusiwa?

JIBU: Kitabu kimoja ruksa, tena ni kazi nzuri, ila hapo kwenye "tugonge muhuri yaishe" mwenyekiti anakuponza. Muhuri wa kijiji hautungi sheria. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura 287, vifungu vya 163 na 164, inataka halmashauri ya kijiji ndo itunge, mkutano mkuu uitwe watu watoe maoni, alafu iende halmashauri ya wilaya ikaidhinishwe. Bila hiyo idhini mnacho muhtasari wa kikao tu, hata kama kijiji kizima kilinyoosha mikono.

Kwahiyo usianze na kuchapa. Mwaga kila kitu mezani, tafuta idhini ya wilaya kwenye kila karatasi, usipoiona nenda kwa mwanasheria wa halmashauri ukaulize kama nakala ipo, huko angalau mvua haijafika. Zenye idhini weka huku, zile zilizoishia mkutano mkuu weka kule, na usishangae rundo la pili likiwa kubwa kuliko la kwanza. Za wazee ziandike pembeni, watu wakipatana kwa mila sawa, ila huwezi kumkatia mtu risiti ya faini kwa kitu kilichoko kichwani mwa babu. Na wakikuletea ile ya mjane kurudishwa kwao bila shamba usiiandike hata kwa penseli, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kifungu cha 20 ilishaikataa.

Sasa kuunganisha. Mkizibana tu pamoja bila kugusa neno, hicho ni kitabu cha kurahisisha kutafuta, kila sheria inabaki na tarehe yake na ugomvi wake. Mkibadilisha faini hata kwa shilingi mia, au mkichukua vifungu viwili mkafanya kimoja, hiyo ni sheria mpya na inapita njia yote ile. Mi ningepita njia hiyo mara moja niishi kwa amani: rasimu moja, sura ya mifugo, ya maji, ya misitu na kadhalika, mwanasheria aipitie mapema hasa viwango vya faini maana kuna kikomo, alafu isomwe kwa sauti kwenye mkutano mkuu kifungu kwa kifungu, sio kubandikwa kwenye mwembe. Msiitishe wakati watu wako shambani wanapanda, mtapata wazee saba na watoto. Na mwisho kabisa wekeni kifungu kinachosema sheria zote za zamani zimefutwa, hiki wengi wanakisahau, mwaka ukiisha mtu anaibuka na karatasi yake ileile ya elfu kumi.

Kuhusu hao mbuzi, usitoze faini yoyote mpaka uione idhini, maana Katiba ibara ya 13(6)(c) hairuhusu mtu kuadhibiwa kwa kitu ambacho hakikuwa kosa kisheria alipokitenda. Ila mahindi yameliwa na mwenyewe anataka chake, kaeni mtathmini hasara, wakikubaliana andikeni wasaini wote wawili na mashahidi, wasipokubaliana mwenye shamba ana haki ya kwenda Mahakama ya Mwanzo kudai fidia, hiyo haihitaji kitabu chenu.