Unaanza kusoma umaskini na haki za binadamu? Uliza kwanza nani anawajibika

Kwa nyie mnaoingia kwenye hii fani, iwe chuoni au kazini, naomba msianzie kwenye takwimu. Ule mstari wa umaskini wa Benki ya Dunia, ambao tangu Juni 2025 ni dola 3 kwa siku, unakwambia nani hana, haukwambii nani alitakiwa afanye kitu akaacha, na ishu ya haki inaanzia hapo hapo.

Chukua Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni wa 1966, soma kifungu cha 2 taratibu. Serikali inaahidi kutekeleza haki hatua kwa hatua kwa kutumia uwezo wake wote. Wengi wanaishia hapo kwenye hatua kwa hatua, waziri akisema hela hakuna basi wamekubali. Hapana jamani! Mwaka 1990 kamati inayosimamia mkataba ilishasema kuna kiwango cha chini ambacho kila nchi lazima ihakikishe, chakula, matibabu ya msingi, makazi, elimu ya kiwango cha msingi kabisa, na ikidai imeshindwa ni juu yake kuthibitisha kwamba imejitahidi kweli. Kwa hiyo jifunzeni kusoma bajeti, hili nalisisitiza sana. Na kifungu hicho hicho kinataja ushirikiano wa kimataifa, kwa hiyo nchi tajiri nazo hazikwepi.

Kesi ya kuanza nayo ni ile ya nevirapine Afrika Kusini, 2002. Dawa inapunguza hatari ya mama kumwambukiza mtoto VVU wakati wa kujifungua, kampuni ilishajitolea kuitoa bure miaka 5, ila serikali ikaibana kwenye vituo 2 vya majaribio kila jimbo. Mwenye hela anaipata hospitali binafsi, asiye nayo akijifungulia hospitali ya umma nje ya vile vituo daktari haruhusiwi kumpa. Wanaharakati wa shirika la Treatment Action Campaign wakashtaki na Mahakama ya Katiba ikaamuru kizuizi kiondolewe. Someni hukumu yenyewe, msitegemee muhtasari.

Halafu mkienda kuhoji watu msiulize kipato tu. Uliza mtoto ana cheti cha kuzaliwa, ulinyimwa huduma wapi, walikwambia sababu gani, na uandike ni ofisi ipi iliyomkatalia, maana ripoti ikisema tu "jamii maskini zinateseka" hakuna ofisa anayeona inamhusu.