Barua kwa mwanangu mwalimu mkuu

Mwanangu,

Barua yako imefika, na sukari pia. Unauliza mwalimu mkuu afanye nini akiulizwa swali asilokuwa na jibu lake. Yule mzazi alisimama na karatasi mkononi, akataka kujua posho ya watoto, ule ugali wa shuleni, imepungua kwa nini ilhali michango ni ileile, nawe ukasema suala liko kwa kamati, ukafunga mkutano.

Asiye na jibu kazi yake nyepesi. Aseme sijui, akatafute, arudi siku aliyoahidi. Kinachonikaa mimi rohoni ni lile jibu unalo, ila unaona haya kulitoa.

Nilipokuwa mwenyekiti wa baraza la kijiji, enzi zile mabaraza yetu ya Uganda yakiitwa RC, kabla hayajaitwa LC, tulichanga shilingi 100,000 za mnyororo wa pampu ya kisima. Nikaziweka kwenye lile kopo la maziwa ya unga. Mwezi wa tano 1987 serikali ikabadilisha noti: sifuri mbili zikakatwa, kisha asilimia 30 ikachukuliwa. Nikaja mkutanoni na 700. Sifuri hazikutudhuru, maana bei nazo zilikatwa. Ile 30 ndiyo iliyotuumiza.

Bibi wa mwembeni akasimama. Akafungua fundo la leso, akatoa kikaratasi nilichomwandikia mwenyewe siku aliyolipa. "Mwenyekiti, pesa zilitimia kabla ya Pasaka. Mbona hukwenda kununua?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa napalilia mahindi yangu. Ndilo hilo tu. Nikamwambia, "Kaa chini mama, mambo ya serikali huyawezi."

Alikikunja kikaratasi mara nne, akakirudisha kwenye leso, akakaza fundo kwa meno. Hakuna mwingine aliyeuliza. Tukamaliza mapema, nami nikajiona nimeongoza vizuri! Tangu siku ile alipita mbele ya nyumba yetu na jerikeni ya maji ya bondeni, akaniamkua kwa adabu zote, na hakuniuliza kitu tena mpaka tukamzika.

Anayekuuliza bado hajakukatia tamaa. Nilikuambia hivyo ukiwa sekondari, ukacheka.

Najua utasema wapo wanaouliza ili wakuangushe. Wapo. Hata siku ile alikuwepo mmoja aliyekuwa akikinyemelea kiti changu, na ndiye niliyemwogopa, si bibi. Lakini ningesema wazi kwamba nilikuwa shambani, angebaki na nini mkononi? Au pengine angeniondoa kwelikweli. Pengine ingekuwa haki. Sijui, mwanangu, nimelizungusha hili miaka mingi na bado linanikwama.

Sheria ya elimu ya 2008 inamwachia mzazi mzigo wa chakula. Basi hesabu ya posho ni yake pia. Mpelekee daftari lenyewe, gunia kwa gunia, na kama kuna wiki mlinunua kwa bei mbaya kwa sababu mlichelewa, iwemo.

Kama ulikosea kufunga mkutano, sisemi. Mama yako amenikataza, na ulimi unaniwasha. Nijibu hili moja tu: yule mzazi alipoketi, karatasi yake aliiacha wazi au aliikunja?

Baba yako