Jibu: Kimanowari cha kijivu chenye unga mweupe, ni cha vita kweli?

Ndugu, unauliza kama kimanowari chako, kielelezo kidogo cha madini ya risasi, ni kati ya vile vilivyotengenezwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kufundishia askari kutambua meli. Vile vilikuwa vya kipimo cha 1 kwa 1,200, basi hizo sentimita 9.6 ulizopima zidisha kwa 1,200: unapata mita 115, urefu wa manowari za Marekani za aina ya Fletcher. Kipimo kinakubali. Sasa kigeuze. Framburg, kampuni ya Chicago iliyovitengeneza, kwa kawaida walitia jina na mwaka tumboni. Tumbo likiwa tupu, usilipe bei ya chapa hiyo.

Huo unga mweupe ni madini ya risasi yanayoliwa na mvuke wa asidi, mara nyingi wa kabati la mbao, mwaloni hasa. Ni sumu, usiupulize wala kuusugua ukiwa mkavu. Vaa glavu, futa kwa kitambaa chenye unyevu, kausha kabisa, hamishia kwenye boksi la plastiki. Rangi ya asili usiiguse, hata ikiwa imebanduka. Ukipaka upya, thamani imekwenda.