Transista isiyojulikana: anza na bodi, namba baadaye

Ampu kuukuu za makanisani na za kukodisha kwenye sherehe zinanifikia hapa Kirumba, Mwanza, kutoka mpaka Ukerewe na Sengerema. Upande mmoja umekufa, na transista za kutoa sauti zina maandishi ambayo hata muuza vipuri mkongwe anayageuza-geuza tu mkononi. Fundi unayeanza, usianze kuhangaika mtandaoni. Jiulize kwanza: hii transista ilikaa wapi, na ilikuwa na kazi gani?

Namba yenyewe isome, lakini kwa akili. Za mfumo wa Japani hukatwa kichwa: D1047 ni 2SD1047, na B817 ni 2SB817, mwenzake wa PNP. A na B ni PNP, C na D ni NPN, yaani aina mbili za transista ambazo mkondo wake hupita kinyume. Za Ulaya zinazoanza na BD ni silikoni ya nguvu kwa sauti. Zikianza na AD ni jamaniamu, za zamani kweli. Halafu kuna tarakimu nne ambazo vijana huzunguka nazo madukani Makoroboi nzima, mfano 7834, kumbe mara nyingi hiyo ni tarehe ya kiwandani: wiki ya 34 ya mwaka 1978. Na kampuni za ampu ziliagiza transista za kawaida zikachapishiwa namba za kampuni. Hiyo huipati popote, hata ukeshe.

Sasa rudi kwenye bodi. Ampu ya stereo ina pande mbili zinazofanana, kwa hiyo upande usiokufa ndio kitabu chako. Chomoa transista ya upande huo, weka mita kwenye kipimo cha dayodi. Waya mwekundu ukiwa kwenye mguu mmoja na ukapata kama 0.5 hadi 0.7 kwa miguu yote miwili iliyobaki, hiyo ni NPN na mguu huo ni beisi, mguu unaoiamrisha transista. Ukipata hivyo kwa waya mweusi, ni PNP. Kati ya vipimo hivyo viwili, kilicho juu kidogo ni cha emita, na mguu wa tatu ni kolekta. Ukisoma 0.2 au 0.3 umeshika jamaniamu. Usiweke silikoni hapo bila kurekebisha bayasi, ile volti ndogo inayoiweka transista tayari. Beisi kwenda emita ikipita volti moja, shuku Dalingtoni, yaani transista mbili ndani ya kasha moja. Na kama ni ya chuma yenye umbo la yai, kwa kawaida kolekta ndiyo mwili wenyewe. Isipokuwa zile mosfeti za zamani za Hitachi, 2SK135 na 2SJ50: mwili ni sosi, mguu unaolingana na emita, na beisi hazina, utaitafuta mpaka jioni.

Volti ndiyo inayoua transista mbadala nyingi. Watu wanapima +35 kwenye reli moja, yaani njia ya umeme ya bodi, huku nyingine ikiwa -35, wanaweka transista ya volti 60, wakiamini wana akiba. Sauti ikivutwa mpaka upande mmoja, transista ya upande wa pili inabeba karibu jumla yote, yaani 70. Jumlisha reli zote mbili kisha ongeza nafasi, maana umeme wetu nao hupanda usiku. Kwa hiyo 2N3055, pamoja na ampea zake 15, hapo haifai. D1047 na B817 za volti 140 zinafaa, mradi ampea 12 zinatosha. Kama transfoma imeungua na huna cha kupima, soma zile kapasita kubwa mbili: zikiandikwa 50V, kila reli ilikuwa chini ya hapo.

Badilisha jozi, NPN na PNP pamoja, na pima draiva (transista ndogo zinazozisukuma hizo kubwa) na zile rezista za omu 0.22 au 0.33 za emita kabla hujaweka chochote. Kuhusu C5200 na A1943 za bei ya kutupa, mimi sizigusi. Ukizipasua nyingi utakuta kijipande cha silikoni kisichoweza kubeba hata robo ya kilichoandikwa. Bora uchomoe kwenye ampu mbovu ya zamani.

Kuwasha ni kupitia balbu ya waya, ya wati 60 au 100, iliyoungwa mfululizo na umeme, spika zikiwa nje. Ikiwaka mara moja kisha ikafifia, pima volti kwenye njia ya spika: iwe karibu na sifuri. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima.