Jikoni na Shangazi: Mayai ya kienyeji yananitesa kumenya

SWALI: Shangazi shikamoo. Nipo Sakina hapa Arusha, mwanangu anapata kipaimara mwezi ujao na mayai nimeamua nachemsha mwenyewe nyumbani, trei 3, ya kienyeji, nanunua kwa jirani anafuga. Shida kumenya aisee. Nimejaribu machache ganda linabanduka na ute wake, yai linabaki kama limeguguniwa na panya, hilo huwezi kumwekea mgeni juu ya pilau. Wifi anasema weka chumvi nyingi, mwingine anasema siki, mwingine eti ya kienyeji ndo yalivyo ninunue tu ya kisasa. Nifanyeje? – Mama wa Sakina

JIBU: Marahaba mama, na hongera ya kipaimara.

Kwanza kuku wa jirani hana kosa. Tatizo mayai yako ni freshi mno, yametagwa jana leo yapo kwenye sufuria. Yai likiwa jipya ute wake una kaboni daioksaidi, ile hewa inatoka polepole kupitia vitundu vidogo vya ganda, sasa kabla haijatoka ute ukiiva unashikana na ule utando mweupe wa ndani ya ganda, ukivuta ganda unavuta na yai lako. Ya kisasa ya dukani unaona yanamenyeka vizuri kwa sababu yameshakaa, mara kwa mfugaji, mara kwenye gari, mara kwa mangi dukani, wiki imekatika. Kwa hiyo hayo ya jirani chukua wiki moja hadi siku 10 kabla ya shughuli, weka kwenye friji au mahali pa baridi pasipo na jua, basi, nusu ya kazi imeisha.

Nusu nyingine ni maji, na hapa ndo wengi wanaharibu. Tumezoea kuweka mayai kwenye maji ya baridi halafu tunawasha jiko, yaani yai linapata moto taratibu na ute unapata muda wa kuganda umeshikana na utando. Wewe chemsha maji kwanza yatokote kabisa, ndo ushushe mayai kwa upawa mojamoja usiyadondoshe yatapasuka, na kama yalikuwa kwenye friji yatoe mapema. Usijaze trei nzima kwenye sufuria moja, maji yatapoa na utakuwa umerudi kulekule. Kwa wingi huo mimi ningetumia mvuke: maji kidogo chini, mayai juu ya kichujio cha chuma, funika. Yanaiva vizuri na gesi inaliwa kidogo.

Yakiiva mwaga maji ya moto, tia ya baridi, yakipata joto badilisha tena. Wa Arusha mna bahati, mwezi wa 6 na wa 7 maji ya bomba yenyewe yanatosha, wa Moshi tafuteni barafu. Yakae mpaka yapoe ndani, halafu gonga upande ule mnene maana ndo kuna nafasi ya hewa, viringisha mezani ganda lipasukepasuke lote, menyea ndani ya beseni la maji ili maji yaingie chini ya utando.

Chumvi ya wifi haimenyi yai. Kazi yake yai likipasuka ute ugande haraka usimwagike wote, siki nayo hivyohivyo. Magadi ya unga kijiko kimoja yanasaidia kidogo kwa yai jipya, ila ukizidisha ladha inaharibika, mi siyapendi.

SWALI: Shangazi, kaka yangu yupo Dar anachemsha dakika 10 kiini kimekauka safi. Mimi nipo Ngaramtoni nikitoa dakika 10 katikati bado kuna ubichi. Au gesi yangu haina nguvu? – Chalii wa Ngaramtoni

JIBU: Gesi yako iko poa mwanangu, mlima ndo umekuponza. Dar maji yanachemka nyuzi 100, Arusha mjini tupo karibu mita 1,400 juu ya bahari maji yanatokota kwenye nyuzi 95 hivi, na huko kwako mpo juu zaidi ya mjini. Uongeze moto mpaka sufuria iruke hayapati joto zaidi ya hapo. Ongeza muda tu, dakika 12 au 13 tangu yalipoingia kwenye maji yanayotokota. Moshi wapo chini kuliko sisi, 11 zinawatosha. Yai dogo la kienyeji punguza dakika moja.

SWALI: Kiini kikizungukwa na rangi ya kijani yai limeoza? – Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Hapana, umelichemsha sana. Salfa ya kwenye ute inakutana na chuma cha kwenye kiini ndo inatoka ile kijani, haina madhara. Lililooza pua itakwambia ukishapasua tu. Ukiwa na wasiwasi litie bichi kwenye maji: likilala chini ni jipya, likisimama wima limekaa na hilo ndo la kuchemsha, likielea tupa.