Maswali ya Wasomaji: Zima Sauti, Kisha Fumba Macho

Mwezi huu maswali yenu kutoka Moshi na Arusha yameangukia jambo moja: kazi za darasani za kuchambua matangazo, video za muziki na filamu. Tumejibu manne.

Shikamooni wahariri. Nasoma masomo ya habari, mwaka wa kwanza. Tumepewa tangazo la televisheni la sekunde 30, la majani ya chai, tuandike kurasa tatu kuhusu mbinu za picha na sauti. Niliandika kwamba kamera imemsogelea mama, muziki ni mtamu na rangi zinavutia. Nimerudishiwa kazi ina maneno mawili ya wino mwekundu: "Kwa hiyo?" Orodha yangu ya shoti, yaani vipande vya picha visivyokatwa, naiambatanisha. Nimekosea wapi?
*Mwanafunzi, Soweto, Moshi*

Marahaba. Macho yako hayana shida, ila umeishia njiani. Ukisema kamera imemsogelea mama, umetaja kilichofanyika. Mwalimu anauliza kimemfanyia nini anayetazama. Na "muziki ni mtamu" hakumwambii mtu chochote, maana hata jirani asiyesomea habari anaweza kusema hivyo.

Litazame tangazo mara nne, na kila mara kwa kazi yake. Mara ya kwanza litazame kama mtu wa kawaida, bila kalamu. Mara ya pili zima sauti kabisa na uhesabu shoti: kila shoti mpya inapoanza, weka alama moja. Mara ya tatu ilaze simu kifudifudi mezani usikilize tu, uandike kila unachosikia na sekunde kinapoanza na kinapoisha. Hapa ndipo wengi wanashangaa, kwa sababu sauti walizodhani ni mbili hugeuka kuwa sita. Mara ya nne unganisha.

Chukua karatasi ya grafu, kila sekunde uipe sentimita moja. Sentimita 30 hazienei kwenye A4 (urefu wake ni sentimita 29.7, na bado kuna pambizo), kwa hiyo gawa mistari miwili ya sekunde 15. Juu ya mstari chora shoti, chini yake chora sauti: mstari mmoja wa maneno, mmoja wa muziki, mmoja wa milio. Ukimaliza, mambo yatajitokeza yenyewe. Sauti ya shoti inayofuata inaingia kabla ya picha yake, muziki unakatika ghafla, au pana sekunde mbili za kimya ambazo hukuwahi kuzigundua.

Sasa tazama orodha yako. Una shoti 12 ndani ya sekunde 30, nawe ukaandika "wastani wa sekunde 2.5 kwa shoti". Hesabu ni sahihi lakini haina kazi. Shoti tatu za mwanzo zimechukua sekunde 12, yaani nne kila moja. Nane zinazofuata nazo zimechukua sekunde 12, yaani moja na nusu kila moja. Ile ya pakiti peke yake imekaa sekunde sita. Hiyo 2.5 haipo popote kwenye tangazo! Kilichopo ni mwendo wa pole, halafu mbio, halafu kusimama mbele ya bidhaa, na huo ndio uchambuzi wako.

Aya moja ingeweza kusomeka hivi, kwa kutumia orodha yako mwenyewe:

*"Sekunde 12 za mwanzo zina shoti tatu tu, na hakuna muziki. Anasikika jogoo, kisha kuni zikialika, kisha maji yakichemka. Sufuria inaonekana kwa mbali, lakini mlio wa maji uko karibu kana kwamba mtu ameinamia jiko. Mtazamaji anaingia jikoni kwa sikio kabla ya kuingia kwa jicho. Muziki unaanza sekunde ya 12, chai inapomiminwa, na shoti nane zinazofuata hazizidi sekunde moja na nusu kila moja. Nyumba inaonekana kuamshwa na chai, wala si na kupambazuka."*

Hakuna neno la kitaalamu hata moja, na bado kila sentensi ina kitu kinachoweza kuhakikiwa. Maneno ya kitaalamu ukiyajua yaweke, yanafupisha kazi. Ila yasije yakawa ndiyo kazi yenyewe.

Yapo makosa mawili tunayoyaona mno. La kwanza ni kamusi ya rangi: nyekundu ni mapenzi, nyeupe ni amani, nyeusi ni huzuni. Nyekundu ya kwenye pakiti ya chai inaweza kuwa rangi ya kampuni tu. Angalia rangi hiyo inarudi wapi tena. Kama kanga ya mama, kikombe cha mtoto na pakiti vyote ni vyekundu huku kila kingine kimefifia, hapo una hoja. La pili ni kuandika "mwongozaji alitaka…" Hukumhoji. Andika picha inafanya nini.

Na kabla hujaandika kwamba picha ina "mwanga wa joto", zima ile hali ya usiku ya simu, inayogeuza kioo kuwa cha manjano. Tusingependa usifie ustadi wa mpiga picha kumbe ni mpangilio wa simu yako.

Kuna video ya bongofleva ninayoichambua. Msanii anatembea polepole kama yuko majini, vumbi linaelea, lakini midomo yake inaenda sawasawa na wimbo. Inawezekanaje? Na nitathibitishaje kwamba kata (pale shoti moja inapoipisha nyingine) zinafuata mdundo? Nikisema "nahisi" mwalimu hakubali.
*Msomaji, Sakina, Arusha*

Siku ya kupiga picha, wimbo ulichezwa kwa kasi maradufu. Kamera ilirekodi fremu 50 kwa sekunde (fremu ni picha moja moja zinazounda video), kisha picha ikachezwa kwa fremu 25, nusu ya kasi. Midomo iliyokuwa ikikimbizana na wimbo inarudi kwenye mwendo wake wa kweli, lakini gauni, vumbi na hereni vinabaki vinaelea. Ungemwona siku ile ungecheka, maana anaimba kama kanda iliyoharakishwa. Sauti ya eneo la kupigia haitumiki. Wanapachika ile ya studio.

Ushahidi wa kuandika uko kwenye kope: mtu anapepesa polepole mno huku midomo ikienda kawaida. Ukiona midomo inaachwa nyuma, mara nyingi hesabu ilivunjika. Tuseme wimbo ulichezwa mara mbili ya kasi, lakini kamera ilirekodi fremu 60 badala ya 50, na video ikatolewa kwa 25. Kipande cha wimbo cha sekunde 10 kiliimbwa kwa sekunde 5, kikazaa fremu 300, na fremu 300 kwa 25 ni sekunde 12. Midomo inamaliza sekunde mbili baada ya wimbo. Edita akikosa namna ya kunyoosha, anakata harakaharaka kwenda kwenye viatu, gari na wacheza dansi. Kwa hiyo zile kata nyingi unazotaka kuziita "mtindo wa kisasa" huenda ni kiraka.

Kuhusu mdundo, gonga meza kwa sekunde 15, zidisha mara nne. Ukipata 25, wimbo una midundo 100 kwa dakika. Mdundo mmoja basi ni sekunde 0.6, na kwa video ya fremu 25 ni fremu 15. Midundo minne ni fremu 60. Fungua video kwenye VLC, programu ya kuchezea video kwenye kompyuta, isimamishe palipo na kata, kisha bonyeza herufi E: kila mbonyezo unasogeza fremu moja mbele. Hesabu hadi kata inayofuata. Ukipata 15, 30 au 60, kata iko juu ya mdundo. Ukipata 14 au 29 usiitupe, wapo maedita wanaokata fremu moja au mbili mapema ili picha mpya iwe imeshakaa jichoni mdundo unapopiga. Kwenye YouTube kwa kompyuta, ukiwa umesimamisha, alama ya nukta inasogeza fremu mbele na ya mkato inarudisha nyuma.

Kwanza kagua video yako ina fremu ngapi kwa sekunde, kwenye taarifa za kodeki (Codec Information) ndani ya VLC. Ikiwa 30, mdundo wa 0.6 ni fremu 18, na ukitumia 15 utahitimisha kwamba edita alikuwa kiziwi. Nakala zilizopandishwa upya na watu wengine ziepuke kabisa. Wengine huzikata pembeni, huzigeuza kushoto kuwa kulia au huongeza kasi kidogo ili zisishikwe na mitambo ya hakimiliki.

Kwa singeli, ambayo mara nyingi hupita midundo 200 kwa dakika, mkono hautafika. Gonga mdundo mmoja uruke mmoja, halafu zidisha mara mbili. Watu wawili wanaweza kuusikiliza wimbo uleule, mmoja akapata 100, mwingine 200, na wote wakawa sahihi. Andika tu ulihesabu nini.

Ukishathibitisha kwamba kata zinafuata mdundo, usijaze kurasa mbili hapo. Video nyingi za muziki zinafanya hivyo. Tafuta pale inapoacha kuufuata: shoti moja inayokaa sekunde tisa katikati ya mbio. Mara nyingi kuna neno la wimbo pale ambalo hawakutaka likupite.

Matangazo ya utalii yanaonyesha Kilimanjaro ukubwa wa ajabu nyuma ya mtu, kama ukuta. Nimezaliwa Moshi na sijawahi kuuona hivyo. Ni picha za kubandika?
*Msomaji, Majengo, Moshi*

Si lazima. Ukubwa wa mtu kwenye picha unaamuliwa na umbali wake kutoka kwenye kamera pamoja na lenzi. Mlima uko mbali kiasi kwamba hatua zako chache mbele au nyuma hazimbadilishii kitu. Kwake ni lenzi tu. Ukitumia lenzi ya milimita 24, inayochukua eneo pana, ukiwa mita mbili kutoka kwa mtu, mlima utaonekana kilima. Badilisha uweke ya milimita 200, inayovuta vya mbali, urudi nyuma hadi mita 17 hivi: mtu anabaki na ukubwa uleule, mlima unakuwa mkubwa zaidi ya mara nane. Dalili zake ni mbili: nyuma ya mtu huoni eneo pana, bali kipande chembamba tu cha mlima, na vitu vilivyopishana kilomita kadhaa vinaonekana kama vimegandamana.

Picha ya kubandika inajulikana zaidi kwa mwanga. Kama jua linampiga mtu kutoka kushoto na theluji inang'aa upande wa kulia, kuna mkono wa mtu hapo. Na kama ni saa sita mchana, kivuli kiko miguuni, halafu kilele kiko wazi hakina wingu hata dogo, tia shaka. Mkazi wa Moshi unajua mlima hujifunua asubuhi na jioni.

Nyie wa Moshi mna kipimo kingine ambacho wa mbali hawana. Ukiutazama mlima kutoka kwenu, Kibo yenye mita 5,895 iko kushoto, na Mawenzi yenye meno, mita 5,149, iko kulia. Ukiona Mawenzi kushoto, ama picha imepigwa upande wa Kenya, kama Amboseli, ama imegeuzwa. Soma maandishi kwenye fulana au kibao cha duka ndani ya picha, utajua ni lipi. Kama tangazo linasema "karibu Moshi" huku mlima unatazamwa kutoka Kenya, hapo una ukurasa mzima wa kuandika.

Nitajuaje sauti ilirekodiwa palepale na ipi imeongezwa baadaye? Nina simu na bando la kubana tu.
*Mwanafunzi, Njiro, Arusha*

Sikiliza pale picha inapokatwa. Watu wawili wanaongea ndani ya daladala. Kama ngurumo ya injini inabadilika kila kamera inapomhamia mwingine, sauti imetoka kwenye kila shoti. Kama injini inanguruma moja kwa moja bila kujali kata, imetandikwa baadaye. Kama maneno ni makavu kabisa, bila mwangwi wala upepo wakati dirisha liko wazi, wameingiza sauti studio. Nyayo nazo zichunguze. Milio ya nyayo, nguo na vyombo mara nyingi hutengenezwa upya na watu wanaofanya kazi hiyo tu, wakiitazama picha. Hollywood kazi hiyo ilipewa jina la Jack Foley wa Universal. Kiatu kinachosikika wazi kwenye changarawe wakati kamera iko mita 50 hakikurekodiwa na kamera hiyo.

Bando likiwa dogo, chagua dakika moja tu ya filamu uichambue vizuri kuliko kugusagusa filamu nzima kwa ubora wa 144. Spika ya simu usiitumie kwa kazi hii: sikio linasikia kuanzia hezi 20 hivi (mitetemo 20 kwa sekunde, sauti nzito kabisa), lakini spika ndogo karibu haitoi kitu chini ya 100, na huko ndiko ngoma nzito na ule mngurumo wa hofu wa filamu ulipo. Vaa hedifoni, za bei ndogo zinatosha, na uvae masikio yote mawili. Halafu chomoa moja, rudia, badilisha, rudia. Mlango uliosikika ukifunguliwa sikio la kulia pekee kabla mtu hajaonekana, uandike pamoja na sekunde yake.