Ufunguo mfupi haukuniangusha, saa ndiyo iliyoniangusha

Mkuu, umeuliza kwa nini ufunguo wako mpya wa SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali), ule wa aina ya ed25519, una herufi 68 tu wakati ule wa aina ya zamani, RSA wa biti 4096, ulikuwa unajaza nusu skrini, na kama ufupi huo si udhaifu. Si udhaifu hata kidogo.

Chukua karatasi. Andika y² = x³ + 2x + 2, ila kila jibu ligawe kwa 17 ubaki na baki tu. Anza na nukta (5, 1). Ukiijumlisha na yenyewe kwa kanuni za mkunjo wa eliptiki (ndiyo jina la mchoro wa mlinganyo kama huu) unapata (6, 3). Ongeza tena, (10, 6). Tena, (3, 1). Unaona inavyorukaruka? Nikikutupia (3, 1) nikuulize nimejumlisha mara ngapi, itabidi uhesabu tangu mwanzo. Hapo ni mchezo, mzunguko wote una hatua 19. Sasa toa 17, weka namba tasa 2²⁵⁵ − 19 (ndiko jina 25519 lilikotoka) pamoja na mkunjo wake. Idadi ya mara ulizojumlisha ndiyo siri yako, nukta uliyofikia ndiyo unayompa kila mtu. Kwenda ni kufumba na kufumbua, kwa sababu unarukia mara mbili, nne, nane. Kurudi, njia bora inayojulikana inadai hatua zinazokaribia 2¹²⁶. RSA yenyewe inategemea ugumu wa kutafuta vigawo vya namba kubwa, na huko wanahisabati wameshapata njia za mkato, ndiyo maana inabidi urefushe hadi biti 3072 kufikia nguvu ya biti 256 za huku.

Mimi yangu yalinikuta kwingine. Tulikuwa na vifaa vidogo vya kusoma mita za maji, kila kimoja kinatia sahihi ya ECDSA (sahihi ya kidijitali inayotumia mikunjo hiyohiyo) kwenye usomaji wake kabla ya kuutuma kwenye seva. Kila sahihi inahitaji namba ya siri ya nasibu, mpya, ya mara moja tu. Nikaizalisha kutokana na saa ya kifaa. Nikaona nimemaliza.

Vifaa vile havikuwa na betri ya saa. Umeme ukikatika, vikiwaka vinaanza kuhesabu upya kutoka 1 Januari 1970. Na umeme wetu unaujua.

Jioni moja kijana tuliyekuwa naye kazini akaniita: "Bro, hebu njoo uone hizi." Sahihi mbili za kifaa kimoja, siku tofauti, usomaji tofauti. Nusu ya kwanza ya zote mbili ilikuwa sawa herufi kwa herufi. Jasho likanitoka. Nusu hiyo hutokana na namba ya nasibu, kwa hiyo maana yake namba imejirudia, na hapo unabaki na milinganyo miwili yenye visivyojulikana viwili, hesabu ya sekondari. Alitoa ufunguo wa siri wa kifaa kabla chai yangu haijapoa. Mkunjo haukuguswa popote.

Wala sikuwa wa kwanza. Mwaka 2010 kundi la wadukuzi la fail0verflow lilionyesha kwamba Sony walitumia namba ileile kwenye sahihi za PlayStation 3, ufunguo wao ukapatikana. Mwaka 2013 pochi za Bitcoin kwenye Android ziliibiwa kwa sababu kizalishi cha namba nasibu cha simu kilikuwa na kasoro.

Tulibadilisha funguo za vifaa vyote, maana sahihi za zamani zilikuwa zimeshatoka na huwezi kuzirudisha. Tukahamia Ed25519, ambayo inaitoa namba hiyo kwenye ufunguo wa siri na ujumbe wenyewe. Saa haihusiki.

Kwako wewe: andika amri ssh-keygen -t ed25519, weka nenosiri juu yake, basi. Seva yenye OpenSSH (programu ya SSH) ya toleo la kabla ya 6.5 haitautambua, lakini kama bado unayo ya hivyo, ufunguo si tatizo lako la kwanza.